Sura ya Nchi: Njia ya Kutoka Kemondo hata Pwani



Mtu akipanda basi alfajiri katika njia kuu ipitayo Kemondo, naye anakwenda Dar es Salaam, ana safari ya zaidi ya kilomita 1,300. Atapita Muleba, Biharamulo, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Igunga, Singida, Manyoni, Dodoma na Morogoro, na akifika pwani atakuwa ameivuka Tanzania kutoka upande mmoja hata upande wa pili. Katika mwendo huo ataona nchi ikigeuka mara nyingi. Kwanza ni migomba iliyosongana. Kisha mapori makubwa. Kisha mashamba mapana yasiyo na miti mingi. Kisha mbuga za udongo mweusi. Kisha mawe makubwa, mibuyu, mkonge, na mwisho minazi.

Wasafiri wengi hutazama dirishani wakasema, "Ndivyo Mungu alivyoiumba nchi." Neno hilo lina kweli ndani yake, maana mvua, milima na udongo havikuwekwa na mtu. Walakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni hii, ya kwamba sura ya nchi tuionayo njiani ni kazi ya watu pia. Pengine waliifanya kwa bidii na akili, pengine kwa kutojua, na pengine kwa misiba iliyowaondoa wasibaki wa kuitunza. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuwaeleza leo, nami nitaifuata njia yenyewe, kituo kwa kituo.

Tuanze Kemondo kwenyewe. Mahali hapa ni bandari ndogo ya Ziwa Victoria, yapata kilomita 20 kusini ya mji wa Bukoba. Mgeni akitazama huona ghuba ya maji, gati, miamba, na vilima vyenye nyasi. Hafikiri kuwa hapo palikuwa kiwanda cha chuma. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa mambo ya kale, akiwamo Mmarekani Peter Schmidt, walichimba katika ardhi ya Kemondo na ya Katuruka huko Maruku. Wakakuta mashimo ya tanuu, vipande vya mabomba ya udongo ya kupitishia upepo wa mivukuto, makaa, na mavi ya chuma kwa wingi. Walipoyapima makaa hayo waliona kuwa tanuu za Kemondo ziliwaka katika karne za kwanza baada ya kuzaliwa Kristo. Basi zamani hizo, babu zetu wa pwani hii ya ziwa walikuwa wakiyeyusha mawe na kupata chuma cha jembe, cha shoka na cha mkuki.

Kazi hiyo haikuwa ya kubahatisha. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 wazee wa Buhaya waliokuwa wakikumbuka ufundi wa ujana wao walijenga tanuu tena mbele ya wataalamu. Wakachimba shimo, wakachoma ndani yake matete ya bondeni mpaka yakawa makaa meusi. Wakajenga ukuta kwa udongo wa kichuguu, maana ndio unaostahimili moto. Wakaingiza mabomba ya udongo kuzunguka tanuu, na mivukuto ikapulizwa saa nyingi pasipo kukoma. Chuma kikapatikana. Ndipo watu waliosoma sana walipokiri kuwa ufundi wa wahunzi wetu ulikuwa na elimu kamili ndani yake.

Lakini kila jambo lina gharama yake. Tanuu moja hula makaa mengi, na makaa hutoka katika miti migumu. Wataalamu wametazama makaa yaliyozikwa ardhini na chavua ya mimea iliyohifadhiwa katika matope ya mabwawa, wakaona kuwa zamani sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa msitu. Msitu ukapungua kadiri wahunzi na wakulima walivyoongezeka. Miti mizuri ikawa adimu, hata wahunzi wakatumia miti ya mabondeni yenye maji. Udongo wa vilima, ukiisha kuvuliwa nguo yake, ukaoshwa na mvua, nayo mvua ya Bukoba ni nyingi, hupata milimita 2,000 kwa mwaka. Ikawa nchi imechoka, na kwa muda mrefu watu wakawa wachache mahali palipokuwa na wengi. Kwa hiyo, ndugu zangu, nyasi za vilima vya Kemondo tuzionazo leo hazikuwa hapo tangu mwanzo. Kwa sehemu kubwa ni kumbukumbu ya msitu uliokwisha.

Sasa tazama jambo la pili, nalo ni la kutia moyo. Katika nchi hiyohiyo iliyochoka wazee walifanya kibanja. Wahaya huigawa nchi yao mara mbili: kibanja ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na rweya ni uwanda wa nyasi ulio nje. Mgeni hudhani kuwa kibanja kilikaa mahali penye udongo mzuri, na rweya mahali penye udongo mbaya. Sivyo. Mahali pengi udongo wa asili ni uleule mmoja, wa mawe ya mchanga, tena hafifu. Tofauti imeletwa na watu. Ng'ombe walichungwa mchana katika rweya, jioni wakarudishwa nyumbani, na samadi yao ikatiwa shambani. Nyasi za rweya zikakatwa, zikatandazwa chini ya migomba, ili mvua isiupige udongo na jua lisiukaushe. Majivu ya jiko, maganda ya ndizi, mabua ya maharage, vyote vikarudishwa ardhini. Hivyo mwaka baada ya mwaka, kizazi baada ya kizazi, rutuba ya uwanda mpana ilichukuliwa ikalimbikizwa katika shamba dogo. Udongo mweusi wa kibanja haukukutwa pale, ulitengenezwa.

Chini ya migomba palikuwa na mibuni pia. Buni ya asili ya nchi hii hukaushwa baada ya kuchemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikatafunwa, na mgeni hupewa kama heshima. Zamani wafalme waliiangalia sana mibuni isipandwe ovyo na kila mtu. Walipokuja Wajerumani, ambao Emin Pasha aliwajengea kituo cha Bukoba mwaka 1890, na baada yao Waingereza, kahawa ikawa zao la fedha na la kulipia kodi. Mibuni ikaongezeka, mashamba yakajipanua, na nyumba za bati zikaanza kuonekana kati ya nyumba za msonge.

Kabla hatujaondoka Kemondo, yafaa tukumbuke kuwa njia hii ya bara si ya zamani katika matumizi yake ya leo. Kwa miaka mingi njia ya Bukoba ilikuwa maji. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kahawa yetu ikavuka ziwa kwa meli kwenda huko. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo msafiri wa Dar es Salaam aliweza kuvuka kwa meli mpaka Mwanza, akashika gari moshi. Mtu aliyesafiri hivyo hakuiona nchi ya Biharamulo wala Kahama. Aliona maji na nyota. Kisha ikatokea siku ya tarehe 21 Mei, 1996, meli MV Bukoba, ikiisha kupakia abiria wa Bukoba na wa Kemondo, ilipinduka karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba msiba ule haujasahauliwa. Barabara nayo ilikuwa mbaya sana wakati ule. Lami ilikamilishwa vipande vipande katika miaka ya baada ya 2000. Hivyo wengi wetu tumeanza juzi tu kuisoma nchi yetu kwa njia ya barabara, na ndiyo sababu inatupasa kujifunza jinsi ya kuisoma.

Haya, twende. Tukiipita Muleba, nchi ya zamani ya ufalme wa Ihangiro, migomba huanza kupungua. Nyumba zinaachana. Mara tunaingia katika mapori ya Biharamulo. Miti ni mingi, watu si wengi, na upande wa magharibi iko hifadhi ya wanyama iliyofanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019. Watu wa makamo wanakumbuka jinsi mabasi yalivyosindikizwa na askari wenye silaha katika mapori haya kwa hofu ya majambazi. Msafiri husema, "Hapa ndipo pori la asili, ambapo watu hawajafika bado."

Hapo ndipo msafiri anapodanganyika kuliko mahali pote. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya biashara ilipita pande hizi ikitoka Tabora kwenda Karagwe na Buganda. Waingereza Speke na Grant walitoka pwani mwezi wa Oktoba 1860, wakafika kwa Mfalme Rumanika wa Karagwe mwezi wa Novemba 1861. Mwendo ambao basi huufanya kwa siku moja uliwachukua mwaka mzima na zaidi. Nao hawakukuta pori tupu. Walikuta watemi waliowadai ushuru, vijiji vya kununua chakula, na kwa Rumanika ng'ombe wengi sana.

Nini kiliwaondoa watu hao? Yapata mwaka 1890 na 1891 ilikuja sotoka, tauni ya ng'ombe ambayo haikujulikana kabla katika nchi hizi. Ng'ombe wakafa kwa maelfu hata mabonde yakanuka. Mtu aliyekuwa tajiri jana akawa maskini leo, hana maziwa, hana mahari, hana samadi. Kisha ikaja njaa, na ndui, na vita vya watu wenye njaa. Watu wakapungua, wengine wakahama.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo siri ya pori ilipo. Ng'ombe na mbuzi hula miche ya miti ingali midogo. Mkulima hukata vichaka na kuchoma nyasi. Maadamu watu na mifugo wapo, kichaka hakipati nafasi. Na pasipo kichaka, mbung'o hana kivuli cha kukaa. Walipoondoka watu na ng'ombe, kichaka kilirudi. Wanyama wa porini, ambao wengi wao nao walikuwa wamekufa kwa sotoka, waliongezeka tena upesi. Mbung'o akawafuata wanyama, na pamoja na mbung'o ukaja ugonjwa wa malale, ambao humwua mtu kwa usingizi na kumwua ng'ombe kwa kukonda. Basi hata waliosalia hawakuweza kufuga. Katika miaka ya 1920 na 1930 Serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wa sehemu nyingi za magharibi, ikawahamishia katika vijiji vikubwa ili wawe mbali na mbung'o. Nchi waliyoiacha ikazidi kuwa pori. Hivyo pori hilo ni zee kwa macho tu. Mahali pengine mti mnene unaouona umeota juu ya uwanja wa kijiji. Nchi ile imekwisha kukaliwa, kisha ikapoteza watu wake.

Baada ya Nyakanazi tunateremka kuelekea Kahama na Nzega, nchi za Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma. Miti inapungua, mashamba yanakuwa mapana, ng'ombe wanakuwa wengi. Huku habari ilikwenda kinyume cha ile ya Biharamulo. Katika nchi ya Shinyanga, ambayo Kahama ni sehemu yake, mbung'o pia alikuwa akiisogelea mifugo. Lakini watu walikuwa wengi, wakaweza kupigana naye. Katika miaka ya 1920 Mwingereza aliyeitwa Swynnerton, ambaye baadaye aliongoza idara ya utafiti wa mbung'o huko Shinyanga hata alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, alishirikiana na watemi na maelfu ya watu wakafyeka vichaka kwa shoka na moto. Mbung'o akarudi nyuma. Ng'ombe wakaongezeka, pamba ikalimwa, watu wakastawi.

Kazi ile ilikuwa njema, lakini haikuwekewa mpaka. Vichaka vilipokwisha, shoka halikupumzika. Mashamba ya pamba yakaongezwa, kuni zikakatwa, ng'ombe wakazidi malisho. Katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa katika vijiji vya pamoja, maana mwaka 1973 iliamriwa kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wanakaa vijijini. Na nyumba nyingi uzionazo leo zimejipanga kando ya barabara zilianza kujipanga hivyo wakati ule. Watu walipohama waliyaacha malisho yao ya akiba, na yakaliwa na kila mtu. Hata kufika miaka ya 1980 watu walikuwa wakisema kuwa Shinyanga inageuka jangwa. Wanawake walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni, na wengine wakapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, samadi ambayo shamba liliihitaji.

Ndipo lilipofanyika jambo ambalo nataka kila mwanafunzi alishike. Wasukuma walikuwa na desturi ya kale iitwayo ngitili: sehemu ya malisho hufungwa wakati wa masika, ng'ombe wasiingie, ili majani yasaidie wakati wa kiangazi. Mwaka 1986 Serikali ilianza mpango ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, au kwa kifupi HASHI. Wasimamizi wake, wakiisha kujaribu miche ya kigeni, waliona kuwa dawa iliyo bora ni ile ambayo wazee walikuwa nayo. Watu wakahimizwa kuzifunga ngitili tena, za nyumba moja moja na za kijiji kizima, na sungusungu na mabaraza ya kienyeji yakawatoza faini waliozivunja. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipuka. Hata mwanzoni mwa karne hii zilikuwa zimepatikana ngitili za zaidi ya hekta 300,000. Kuni zikarudi, asali ikarudi, na ndege wakarudi. Msafiri akiona leo vipande vya miti vilivyofungwa kati ya mashamba ya huko, ajue kuwa si mabaki ya msitu wa kale. Ni msitu uliorudishwa na watu waliokwisha kuukosa.

Tukitoka Nzega tunapita Igunga, tunavuka mbuga ya Wembere, ambayo kiangazi hupasuka kwa ukavu na masika huwa ziwa. Kisha gari hupanda mlima wa Sekenke, mlima unaoogopwa na madereva, ambao ni sehemu ya ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo karibu Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya vita ya 1914. Juu yake ni Singida, nchi ya mawe makubwa yaliyobebana, na maziwa yenye chumvi, na siku hizi mashamba ya alizeti yanayong'aa kama shaba. Hapa sitakaa sana, kwa sababu Ugogo unatungoja.

Ugogo ni nchi kavu. Dodoma hupata mvua karibu robo tu ya ile ya Bukoba. Wenyeji wake waliijua hali hiyo wakaifuata: walipanda mtama na uwele uvumiliao jua, walifuga, walichimba visima. Wakati wa misafara, maji yale yaliwapa nguvu, maana hakuna msafara uliopita bila kutoa hongo kwa watemi wa Ugogo. Wasafiri wa Kizungu walilalamika sana katika vitabu vyao. Lakini aliyechimba kisima katika nchi kavu ana haki ya kuulizwa kabla hakijanywewa na watu elfu. Nguvu hiyo ilivunjwa na utawala wa Wajerumani na reli. Kisha ikaja vita ya 1914 hata 1918. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na mvua ilipokosa kunyesha ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Maelfu ya watu walikufa. Mvua ilikuwa imekosekana mara nyingi kabla ya hapo, lakini safari hii ghala zilikuwa tupu na mikono ya kulima haikuwapo.

Upande wa mashariki ya Dodoma, njia ya kwenda Kongwa inaachana na barabara kuu. Jina la Kongwa lilijulikana sana duniani kwa sababu ya karanga. Baada ya vita ya pili ya dunia Uingereza ilikosa mafuta ya kula, na Serikali yake ikanuia kulima karanga Tanganyika katika eka 3,210,000. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Yakaletwa matrekta na matingatinga, mengine yaliyokwisha kutumika vitani. Visiki na mizizi vilivunja mashine. Mibuyu iligoma kung'oka. Na walipofaulu kusafisha ardhi, udongo wenyewe ulikauka chini ya jua ukawa kama tofali, karanga zikashindwa kutoka, na mvua ikawa haba. Mwaka 1951 shauri hilo liliachwa, na fedha za Uingereza zipatazo pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Wenyeji wangeliweza kueleza kwa nini shamba kubwa namna ile halikulimwa na wazee wao. Baadaye Kongwa ikawa ranchi ya ng'ombe, yaani nchi ilirudi kufanya karibu kazi ileile iliyokuwa ikifanya zamani.

Kutoka hapo tunashuka Gairo mpaka Morogoro, na upepo unaanza kuwa na unyevu. Pande hizi mkonge ulipata kutawala. Asili ya mmea huo si Afrika. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida katika Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka katika miche hiyo michache yakazaliwa mashamba ya Tanga, ya Morogoro na ya mahali pengine, hata mwaka 1964 nchi ikatoa zaidi ya tani 200,000 za katani. Kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakaota vichaka. Tazameni jinsi sura ya wilaya nzima ilivyoweza kuletwa na miche 62, kisha ikaondolewa na soko lililo ng'ambo ya bahari.

Juu ya Morogoro imesimama milima ya Uluguru. Katika miaka ya 1950 Waingereza waliona udongo wake ukiteremka mitoni, na hofu yao ilikuwa na msingi. Wakaamuru kila mtu achimbe matuta mapana kama ngazi. Kumbe mahali pengi matuta hayo yaliupindua udongo mzuri yakauzika chini ya ule mbaya, na kazi ilikuwa ya kulazimishwa. Mwaka 1955 ghasia zikatokea, na mpango ukaachwa. Linganisheni habari hiyo na ile ya ngitili. Wote wawili walitaka kulinda ardhi. Mmoja alitoa amri, mwingine aliuliza wenyeji wana desturi gani. Amri ilikwisha pamoja na mwenye kuiamuru, desturi imebaki.

Baada ya hapo ni Chalinze, Kibaha, na minazi, na mji wa Dar es Salaam ambao Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga katika miaka ya 1860. Safari imekwisha, lakini maneno hayajakwisha, maana msafiri mwema hurudi nyumbani na kitu.

Sisi wa Kemondo na Muleba turudi na nini? Kwanza, tusidhani kuwa kibanja kitadumu chenyewe kwa sababu wazee walituachia. Kiliumbwa kwa samadi na nyasi. Leo ng'ombe ni wachache katika nyumba nyingi. Sehemu kubwa ya rweya imepandwa mikaratusi na misonobari, au imegawanywa, na nyasi za kutandaza ni shida kupata. Shamba lililomtosha babu hugawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, mpaka migomba ya mtu huhesabika kwa macho. Ugonjwa wa mnyauko, uliokwisha kuingia Kagera kufika mwaka 2006, umewakuta wengi wakiwa na udongo uliochoka. Shamba linalochukuliwa bila kurudishiwa kitu litarudi kuwa rweya, maana rweya ndiyo hali yake ya kwanza kabla ya samadi.

Pili, tusiseme kuwa nchi iliyoharibika haiponi. Wahunzi wa Kemondo walimaliza msitu. Waliokuja baada yao wakatengeneza migomba mahali pale pale. Shinyanga ilikuwa ikigeuka jangwa, visiki vikachipuka. Lakini hakuna mahali nchi ilipopona kwa siku moja, wala kwa mtu mmoja. Kila mara palihitajiwa watu wengi waliokubaliana kujizuia. Mchuma janga hula na wa kwao, na vivyo hivyo achumaye mema.

Tatu, nawaambia wanafunzi hasa. Bado wako wazee wanaokumbuka rweya ilikuwa na mipaka gani, ng'ombe walinyweshwa wapi, chemchemi ipi ilikuwa hai, na mti gani ulikatazwa kukatwa. Waulizeni kwa adabu, mkaandike majibu yao katika daftari, pamoja na jina la kijiji na mwaka. Wazee waliojenga tanuu katika miaka ya 1970 walikuwa karibu kuondoka na elimu yao. Wangaliachwa miaka michache zaidi, tungekuwa na mashimo na mavi ya chuma tu, wala tusingejua namna mivukuto ilivyopulizwa.

Basi siku mtakapopita njia hii, msilale njia nzima. Tazameni dirishani, na katika kila mahali mjiulize maneno matatu: nani alikuwa hapa, alifanya nini, na kwa nini aliondoka au alibaki.